Indiketa inayojizima yenyewe: kabla hujampa kijana wako mzigo, soma hii

Leo tuongee kitu kidogo sana kwenye pikipiki, kidogo kuliko kidole gumba chako, lakini mimi kimenigharimu mteja mzima. Ni indiketa. Na sizungumzii hizi tulizozizoea, nazungumzia zile zinazojizima zenyewe ukishamaliza kona.

Kama unasambaza mzigo kwa pikipiki, iwe mayai, sabuni, maji, gesi au nguo za wateja wa mtandaoni, kaa nami hapa. Hata kama pikipiki yako leo haina kitu hicho, ipo siku utanunua iliyotumika, au utaazima ya jirani, au fundi atakuambia "bosi, kuna kifaa hapa nikufungie". Bora ikukute unajua.

Mimi nasambaza mayai. Nachukua kwa wafugaji upande wa Mbezi na Kinyerezi, napeleka Segerea, Tabata hadi Buguruni. Nilianza na pikipiki moja, ya kawaida kabisa, na kijana wangu wa kazi ni mtoto wa shangazi. Biashara ilipochangamka nikaongeza ya pili, iliyotumika, ya Kijapani, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama mji. Chuma kizuri, injini imetulia. Siku ya kwanza nikaijaribu mwenyewe. Nawasha indiketa ya kushoto, nakata kona, natembea kidogo, naangalia dashibodi: taa imezima. Sijagusa kitu.

Nikajua tayari nimeuziwa ugonjwa.

Nikaipeleka gereji. Fundi akaiwasha ikiwa imesimama, inapepesa vizuri, dakika nzima haizimi. Akasema flasha imechoka, ikipata mtikisiko inakata. Flasha mpya pamoja na ufundi, elfu 15. Nikalipa. Natoka pale, kona ya kwanza tu, ikazima tena. Nikarudi na hasira zangu. Wakaanza kufumua waya, taa ya mbele ikafunguliwa, nusu siku ikaisha hivyo. Kulikuwa na mzee amekaa pembeni anasafisha kabureta, muda wote kimya. Mwishoni akaniuliza, "Mwanangu, ukiibonyeza mwenyewe inazima?"

"Inazima, mzee."

"Na ukiwa umesimama haizimi?"

"Haizimi."

Akacheka. "Basi hiyo haina ugonjwa. Ndivyo ilivyotengenezwa. Inahesabu umetembea kiasi gani, halafu inakuzimia."

Elfu 15 yangu ilishakwenda. Ndiyo ada ya shule ya kwanza niliyolipa kwenye somo hili. Kwa hiyo na wewe, kabla hujamlipa mtu "kutengeneza" indiketa inayojizima, muulize maswali yale mawili ya yule mzee.

Sasa sikia kwa nini jambo hili ni gumu kwenye pikipiki kuliko kwenye gari. Gari lina usukani unaozunguka. Ukikata kona na kuurudisha, kuna kidude ndani ya shina la usukani kinaigonga ile fimbo ya indiketa na kuirudisha katikati. Kazi imeisha. Pikipiki haiko hivyo. Ukiwa kwenye mwendo, usukani wa pikipiki hauzunguki kiasi cha maana, wewe na chombo mnalala upande mmoja na kona inakatika. Hakuna kitu cha kugonga fimbo. Ndiyo maana pikipiki nyingi tunazobebea mizigo huku kwetu zina swichi ya kusukuma kushoto au kulia, na kuibonyeza katikati ili kuzima. Kidole chako ndicho kila kitu.

Watengenezaji walitafuta njia nyingine. Yamaha mwishoni mwa miaka ya 1970 walitoa pikipiki zenye kifaa kinachopima vitu viwili kwa pamoja, muda na umbali: taa inazima zikipita sekunde 10 na mita 150, vyote viwili vikiwa vimetimia. Ukiwa kwenye foleni umesimama, mita hazisogei, kwa hiyo taa inaendelea kuwaka hata kama ni dakika tatu. Ukiwa unakimbia sana, mita zinaisha haraka lakini sekunde zinakusubirisha. Ni akili nzuri, kusema kweli. Harley-Davidson wao waliweka swichi mbili, mkono wa kushoto kwa kushoto, wa kulia kwa kulia, na zile za kisasa zinahisi pikipiki ilivyolala na ilivyoinuka baada ya kona. Halafu kuna vifaa vya bei rahisi vya kufunga baadaye, ambavyo vingine ni saa tu: sekunde zikiisha, taa imezima, iwe umekata kona au bado.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hii inajizima yenyewe", swali lako la pili ni moja: inajizima kwa kuangalia nini?

Nirudi kwenye mayai.

Ile ya Kijapani nikampa kijana, maana yeye ndiye mwenye njia ndefu. Miezi mitatu anaipenda kuliko chakula. Mimi nikabaki na ile ya zamani kwa safari za hapa na pale. Alhamisi moja tairi la nyuma la ile ya Kijapani likawa limekwisha hewa asubuhi, na mzigo ulikuwa unasubiriwa. Nikamwambia chukua hii yangu, nenda, mimi nitashughulikia tairi. Amefunga trei 12 nyuma, vizuri kabisa, kamba za mpira na turubai juu. Akakata kona ya kushoto kuingia barabara kubwa ya Segerea, akanyoosha.

Indiketa ikabaki inawaka.

Mbele kidogo kuna mtaa unaingia kushoto, na gari dogo lilikuwa limesimama pale linataka kutoka. Dereva akaona pikipiki inakuja na indiketa ya kushoto. Akajiambia huyu anaingia humu nilipo, njia ni nyeupe. Akatoka. Kijana akashika breki, mzigo ukamsukuma, wakaenda chini wote, yeye, pikipiki na mayai.

Nilipofika alikuwa ameketi ukingoni, goti limechubuka, kiganja kinatoka damu, lakini mzima, Mungu mkubwa. Yule dereva naye alikuwa anatetemeka. Nilikuja nimepanga maneno makali. Akaniambia kwa upole, "Kaka, pole sana. Lakini naomba uangalie pikipiki yenu." Nikageuka. Imelala ubavu kwenye ute wa mayai, na ile indiketa ya nyuma ya kushoto bado inapepesa.

Maneno makali yakaishia kooni. Tukamalizana pale pale, yeye na bampa yake, sisi na mayai yetu.

Jioni nikamuuliza dogo ilikuwaje. Hakujitetea sana. "Kaka, kidole kilishasahau. Ile nyingine inazima yenyewe."

Na mimi nakuambia, hapo nilimwelewa. Siyo uzembe. Mkono wa dereva hufanya kazi nyingi bila kuomba ruhusa kichwani: klachi, gia, breki, honi. Kubonyeza indiketa baada ya kona ilikuwa mojawapo. Miezi mitatu ya kusaidiwa ilitosha kuifuta kabisa. Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilimbadilishia chombo asubuhi, na haraka, bila kumkumbusha kwamba hiki hakijizimi.

Hesabu sasa, maana sisi ni wafanyabiashara. Trei 9 zilikwisha kabisa. Kwa bei ninayouza, 8,000 kwa trei, ni 72,000. Trei 3 zilikuwa na nyufa, nikamwachia dada wa keki kwa nusu bei, nimepoteza 12,000 hapo. Dawa ya kidonda na kioo cha pembeni, 20,000. Jumla 104,000. Inauma, lakini inalipika.

Kisicholipika ni hiki. Trei 5 kati ya zile zilikuwa za mama wa chipsi pale Tabata, anachukua 5 kila baada ya siku mbili. Chipsi mayai inaanza kuuzwa saa kumi jioni, na mayai hayakufika. Kesho yake nikampigia kumwomba radhi. Akanipokea vizuri mno. "Mwanangu, poleni, huyo mtoto anaendeleaje? Mshukuruni Mungu." Halafu akashusha sauti. "Ila jana nilishapata mtu wa kuniletea, na nimeshamwambia aendelee." Faida yangu kwake ilikuwa 1,000 kwa trei, yaani 5,000 kila safari, safari 15 kwa mwezi. Ni 75,000 kila mwezi. Miezi miwili tu inapita gharama yote ya ajali, na inaendelea kupotea mpaka leo.

Baada ya hapo nikaanza kuisoma ile pikipiki kama mtu anayesoma mkataba, na nikagundua kitu kilichonishtua zaidi. Hata ile inayojizima ingeweza kutufanyia ajali ile ile.

Chukua mita 150. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mtu mwenye mayai mtaani, mita 150 zinakuchukua sekunde kama 27. Kwa kilomita 40, ni sekunde 13 na nusu. Na hesabu inaanza pale unapoisukuma swichi. Ukiwasha mita 30 kabla ya kona, zinabaki kama 120 za kutembea ukiwa umeshanyooka na taa bado inawaka. Haya, niambie, kwenye mitaa yetu mita 120 zina njia ngapi za pembeni? Unaweza kupita vichochoro viwili na geti la shule. Kila aliyesimama pale anaamini unaingia kwake. Kifaa kile kilibuniwa na watu wanaowaza barabara pana zenye makutano ya mbali mbali. Huku kwetu kinakuzimia, ndiyo, lakini kimechelewa.

Upande mwingine wa shilingi: barabara kubwa, unaenda 80, umewasha mapema ili lori la nyuma likuone. Sekunde 10 kwa mwendo huo ni mita 222. Ukiwasha kabla ya hapo, taa inaweza kuwa imezima wakati ndiyo kwanza unafika kwenye kona. Wewe unajua umetoa ishara, lori halijui. Ukikaribia kona tupia jicho dashibodi, ikiwa imezima isukume tena.

Na zile za saa tupu ndizo ninazoziogopa kuliko zote, hasa kwa kona ya kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekata kulia anasimama katikati ya barabara akisubiri magari ya mbele yapite. Pale ndipo unapoihitaji indiketa kuliko mahali pengine popote. Sasa fikiria sekunde 15 zimeisha, taa imezima yenyewe, wewe uko katikati na trei zako, na nyuma anakuja mtu anayekuona kama pikipiki iliyozimika njiani. Anakupita kulia, na wewe ndiyo unaingia kulia. Mtu akitaka kukufungia kifaa cha namna hiyo, mwambie akiwashe pikipiki ikiwa imesimama na mhesabu pamoja. Kikizima hapo hapo mmesimama, mrudishie. Mimi nisingekifunga hata cha bure.

Jinsi ya kuijua ya kwako ni kazi ya robo saa. Kwanza simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, washa injini, washa indiketa, shika simu uangalie sekunde. Subiri dakika nzima. Ikizima, ni ya saa. Isipozima, nenda barabara tulivu asubuhi mapema, mwambie mtu akae pembeni. Washa ukiwa unaenda 20, ahesabu sekunde hadi izime. Rudia ukiwa unaenda 40. Kama sekunde za 20 ni karibu mara mbili ya za 40, inapima mita. Kama inazima mara tu unaponyooka baada ya kona, bila kujali sekunde wala mita, una chombo cha kisasa kinachohisi mlalo. Andika majibu kwenye karatasi, bandika chini ya kiti. Nasema kweli, bandika, maana kesho atakayeiendesha anaweza asiwe wewe.

Angalizo kwa wapenda vyombo vilivyotumika: baadhi ya zile zinazopima mita zinazipata mita hizo kutoka kwenye spidomita. Na sote tunajua hali ya kebo za spidomita kwenye pikipiki za mizigo. Ikikatika, kifaa hakijui tena kama umetembea. Indiketa ikianza tabia mpya, angalia kama mshale wa spidi bado unapanda kabla hujanunua flasha. Na ukiona inapepesa haraka haraka kama ina homa, hilo ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi ni balbu moja imekufa, au umebadilisha na kuweka taa za LED zinazokula umeme mdogo kuliko flasha ilivyozoea. Mwendo wa kawaida wa kupepesa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Na hapo hapo, zunguka nyuma uone kama indiketa zenyewe zinaonekana ukishafunga mzigo. Turubai langu lilikuwa linaifunika ya kulia kwa miezi sijui mingapi. Aibu tupu.

Sasa kwetu utaratibu ni mmoja kwa pikipiki zote mbili: ukinyooka, gumba linabonyeza. Hatuangalii kama ni ile inayojizima au isiyojizima. Kwa swichi ya kawaida ya kubonyeza katikati, kubonyeza wakati imeshazima hakuna madhara yoyote, ni kama kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Hivyo mkono hausahau. Ile ya kujizima tunaichukulia kama mtu anayekukumbusha kufunga duka: vizuri akikumbusha, lakini funguo ziko kwako. Tahadhari moja tu, kwa zile zenye swichi mbili, moja kila mkono. Nyingi kati ya hizo kitufe kile kile kinawasha na kuzima. Ukikibonyeza wakati taa imeshazima, umeiwasha upya. Kwa hizo, jicho kwanza, kidole baadaye.

Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu. Dogo alikuwa anabonyeza baada ya kona tatu, anasahau ya nne. Kumgombeza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuunganisha jambo hilo na kitu ambacho mkono tayari unakifanya. Sisi tulichagua gia: ukipandisha gia ya kwanza baada ya kona, gumba linaenda kwenye swichi kwa safari hiyo hiyo. Klachi iko kushoto, swichi iko kushoto, mkono ni ule ule. Wiki ya tatu alikuwa anabonyeza bila kujua kama anabonyeza. Kwenye ile ya zamani tulimwomba fundi aongeze kale kamlio ka tii-tii-tii kanakolia indiketa ikiwa inawaka, kwa sababu jua la saa saba la Dar likipiga dashibodi, kile kitaa kidogo cha kijani hukioni hata ukiinama. Abiria wanalalamika kana kelele. Mayai hayalalamiki.

Na asubuhi mmoja wetu akichukua chombo cha mwenzake, kuna maneno mawili yanasemwa kabla funguo hazijabadilishana mikono: "hii inazima" au "hii haizimi". Dogo mwanzoni aliona kama utoto. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha mimi.

Yule mama wa chipsi bado namsalimia nikipita Tabata. Mwezi uliopita aliniita, akaniuliza bei. Nikamtajia. Akasema atafikiria. Jumamosi nampelekea trei moja ya kujaribu, naipeleka mwenyewe.